Moyo Haunywi Shehena Yake

Lori la mafuta lililo kwenye foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, likielekea Kampala, huwa limebeba makumi ya maelfu ya lita. Injini yake haionji hata tone la shehena hiyo. Inategemea tangi dogo la pembeni, na tangi hilo likikauka pale Amagoro jirani, dereva atatafuta kituo cha mafuta kama mwendesha pikipiki yeyote.

Moyo nao ni hivyo hivyo. Kila dakika husukuma takriban lita 5 za damu, zaidi ya lita 7,000 kwa siku, lakini msuli wake haushibi kwa damu inayopita vyumbani mwake. Hulishwa kutoka nje, na mishipa miwili inayochipuka pale aota inapoanzia, kisha ikagawanyika na kuuzunguka moyo. Mishipa hiyo hupokea kama sehemu moja ya ishirini ya damu yote, tena hujaa zaidi moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Moyo hula ukipumzika.

Upana wa mishipa hii ni milimita 3 au 4 hivi. Wazee wa Kiteso wanaozunguka chungu cha ajon, ile pombe ya wimbi, wataelewa upesi: ni tundu la mrija. Mrija ukizibwa na makapi, mzee huuchomoa, akaupuliza, akarudi kwenye mazungumzo. Mshipa wa moyo haupulizwi. Kinachouziba hakikuja kikielea. Ni mafuta yaliyojijenga ndani ya ukuta wake mwaka baada ya mwaka, yakichochewa na shinikizo la damu, kisukari, sigara na kukaa kitako. Kazi ya dereva wa masafa marefu, mtu wa siku nzima usukanini na chipsi za usiku, haimsaidii hapo.

Dalili huanza kwa kubana. Kifua hukaza mtu akipanda kilima au akisukuma mkokoteni, kisha huachia akitulia. Mshipa ukiziba kabisa, msuli unaoutegemea huanza kufa, na msuli wa moyo ukifa hauoti tena.

Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa Uviko mpakani, foleni ya Malaba ilirefuka makumi ya kilomita. Hata bila ugonjwa, Malaba ikikwama wapo madereva wanaogeuza njia na kuvukia Busia, kilomita 30 hivi upande wa kusini. Msongamano wa Malaba unabaki palepale. Wao wameuzunguka tu. Baipasi ya moyo ni hiyo. Wengi hudhani daktari hufungua mshipa na kukwangua uchafu. La, hushona njia mpya inayotoka kwenye aota au tawi lake na kuungana na mshipa mbele ya mahali palipoziba.

Si kila mgonjwa anahitaji hayo. Wapo wanaotosheka na dawa, na wapo wanaowekewa stenti, kijibomba cha waya kinachopanua mshipa. Upasuaji hufaa zaidi mishipa kadhaa inapobana pamoja, au shina kuu la mshipa wa kushoto linapobana.

Mfupa wa kidari hupasuliwa kwa msumeno. Mara nyingi moyo husimamishwa kwa maji ya potasiamu, na mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Kiraka hutoka kwa mgonjwa mwenyewe: mshipa wa ndani ya kifua, wa mkononi, au veni ndefu ya mguuni. Veni ya mguu ina vali ndogo zinazoruhusu damu kupanda tu, isirudi nyayoni; kwa hiyo lazima igeuzwe juu chini kabla ya kushonwa, la sivyo vali zitafunga njia. Kosa dogo, mauti makubwa.

Mtu aliyeieneza njia ya kutumia veni ya mguu ni René Favaloro wa Argentina, aliyekuwa daktari wa mji mdogo wa mashambani, Jacinto Aráuz, kwa miaka kama 12 kabla ya kwenda Cleveland, Marekani. Mei 1967 alimfanyia upasuaji huo mwanamke wa miaka 51. Miaka mitatu kabla yake, kule Leningrad, Vasilii Kolesov alikuwa ameshatumia mshipa wa kifuani.

Kwa mkazi wa Busia ya Kenya, rufaa ya kawaida huelekea Eldoret, kwenye hospitali ya Moi, au Nairobi. Ajabu ya mpaka ni kwamba Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago, Kampala, na safari ya kufika huko ni kama nusu ya ile ya Nairobi.

Mgonjwa hulala hospitalini takriban wiki moja, siku ya kwanza au mbili akiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kidari hufungwa kwa nyaya za chuma, na mfupa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Kabla ya hapo mgonjwa asiinue zaidi ya kilo 5 hivi. Mtungi wa maji wa lita 20 ni mara nne ya hapo, acha gunia la mahindi. Akikohoa, akumbatie mto. Boda boda nayo isubiri. Yule yule anayekatazwa pikipiki huhimizwa kutembea, dakika chache leo, nyingine zaidi kesho. Mguu uliotolewa veni unaweza kuvimba. Huzuni isiyo na sababu huwapata wengi, na familia isidhani ni deko.

Dereva wa trela hukaa nje ya usukani muda mrefu kuliko mwenye gari dogo, na aspirini pamoja na dawa za kushusha lehemu huwa ni za maisha. Ugonjwa uliojenga mafuta kwenye mishipa ya zamani haukuondoka. Unaweza kuanza kazi kwenye ile mipya. Mshipa wa kifuani huhimili vizuri: baada ya miaka 10, zaidi ya 9 kati ya 10 bado hupitisha damu. Veni ya mguuni iliumbwa kwa damu ya mwendo wa pole, nayo imebebeshwa kishindo cha aota, kama barabara ya murami iliyopokea matrela yaliyokimbia lami. Miaka 10 ikipita, karibu nusu ya veni hizo huwa zimeziba.