Shabiki wa NBA na hesabu ya saa

SHABIKI wa mpira wa vikapu wa Marekani aishiye Nairobi yafaa ajue mapema kwamba timu anayoichagua ndiyo itakayoamua atakosa nini: usingizi au staftahi.

Boston Celtics wakianza mechi saa moja jioni kwao msimu wa baridi, huku kwetu huwa ni saa tisa usiku. Golden State Warriors, waliohamia San Francisco mwaka wa 2019, wakianza saa iyo hiyo ya kwao, hapa ni saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanatafuta soksi na matatu inapiga honi.

Isitoshe, Marekani husogeza saa mbele mwezi Machi na kuzirudisha nyuma Novemba, ilhali Kenya haibadilishi zake.

Kila timu hucheza mechi 82 kabla ya awamu ya mchujo, na dakika 48 za mchezo huchukua zaidi ya saa mbili. Hakuna mwajiri atakayevumilia kusinzia kwa kiasi hicho, na dereva asithubutu kamwe.

Heri kukesha kwa mechi za Jumamosi usiku za Marekani, ambazo kwetu huwa Jumapili alfajiri. Nyingine zitazamwe jioni zikirudiwa, mradi simu imezimwa tangu asubuhi; marafiki hawajui kuficha matokeo.