Kweli au Uongo: Kidukari na Mbegu Iliyochoka

Kama umewahi kulima viazi Molo, Kuresoi au Mau Narok, maneno haya umeshayasikia: kwa jirani, kwa muuza dawa, hata ndani ya matatu ya kwenda Nakuru. Haya, tuyapime moja moja.

"Majani yamejikunja kwa sababu ya jua."
Uongo, mara nyingi. Jani lenye kiu hulegea, kisha hunyooka mvua ikinyesha. Sasa shika jani la chini la mmea wenye virusi vya kukunja majani: limejikunja kama kijiko, ni gumu, na ukilifinya linalia kama karatasi. Hata mvua ya wiki nzima hailinyooshi.

"Nyunyiza dawa, virusi vitakufa."
Uongo. Hakuna dawa ya shambani inayoponya mmea ulioambukizwa. Dawa huua kidukari, yule mdudu mdogo anayefyonza utomvu chini ya jani. Kwa virusi vya kukunja majani hilo husaidia, maana kidukari huchukua saa nyingi kabla ya kuweza kuviambukiza. Lakini virusi vingine vya viazi, viitwavyo Y, hudakwa na kupandikizwa kwa sekunde chache tu. Dawa ikimuua mdudu, tayari ameshaambukiza.

"Karoti za jirani ndizo zimeniletea ugonjwa."
Uongo. Karoti zina virusi vyao, ndugu wa vile vya kukunja majani ya viazi, ambavyo hugeuza majani kuwa mekundu na pia hubebwa na vidukari. Ila hivyo hushambulia karoti na jamaa zake kama dhania, si viazi. Kamsalimie jirani.

"Kubwa uza, ndogo weka mbegu."
Uongo, na huu ndio unaotugharimu zaidi. Kiazi kidogo cha mmea wenye afya hakina kosa. Lakini mmea mgonjwa huzaa vidogo vitupu, kwa hiyo anayeokota vidogo kwenye lundo hupanda ugonjwa kwa mkono wake, msimu baada ya msimu.

"Mbegu huchoka."
Kweli. Wazee hawakuwa na maabara, lakini macho walikuwa nayo. Kinachoonekana kama uchovu ni virusi vinavyozidi kurundikana kila mbegu ileile inaporudishwa shambani.

"Mbegu safi hutoka juu, kwenye baridi."
Kweli. Baridi na upepo huwapunguza vidukari, na si ajabu kwamba shirika la maendeleo ya kilimo, ADC, huzalisha mbegu za viazi kule Molo.

Mbegu iliyoidhinishwa ikikushinda bei, chagua mbegu mmea ungali kijani. Kabla tu ya maua, chomeka kijiti kando ya kila mmea wenye afya. Rudi baada ya wiki mbili, ung'oe vijiti vya iliyougua. Wakati wa kuvuna, chimba yenye vijiti mmoja mmoja, na mbegu yako itoke hapo. Majaribio ya kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, na washirika wake humu nchini yalionyesha mavuno yakipanda kwa takriban theluthi moja. Gharama yake ni vijiti tu.