Mgogoro wa mavazi kazini: jinsi unavyotatuliwa Kisangani

Kanuni ya mavazi kazini ni sehemu ya kanuni za ndani za kampuni, zinazojulikana nchini Kongo kama règlement d'entreprise. Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mwajiri haki ya kuziandika, lakini haimwachii aamue peke yake. Wajumbe wa wafanyakazi lazima waulizwe mwajiri anapokusudia hatua zinazogusa usafi na usalama kazini, na mkaguzi wa kazi wa serikali ana mamlaka ya kuangalia kama kilichoandikwa kinakubaliana na sheria. Migogoro mingi ya mavazi huanzia hapo: tangazo linabandikwa mlangoni asubuhi, na wajumbe wanalisoma pamoja na watu wengine wote.

Wakongo wana sababu ya kuwa wepesi wa kukasirika vazi linapoamriwa kutoka juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya siasa ya Rais Mobutu ya kurudi kwenye uhalisi wa Kiafrika, suti na tai zilipigwa marufuku na wanaume wa ofisini wakatakiwa kuvaa abakosti, koti la kuvaliwa bila tai. Wanawake walikatazwa suruali na mawigi. Hapakuwa na chama huru cha kulijadili jambo hilo, kwa kuwa chama pekee cha wafanyakazi, UNTZA, kilikuwa ndani ya mfumo wa chama tawala, MPR. Mobutu alilegeza kamba katika hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, hotuba ileile iliyofungua mlango wa vyama vingi. Tai na vyama huru vya wafanyakazi vilirudi katika kipindi kimoja. Leo Katiba ya mwaka 2006 inalinda uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi katika kifungu cha 38 na haki ya kugoma katika kifungu cha 39.

Ili mgogoro utatulike, kwanza sababu za kanuni zichambuliwe moja moja, kwa sababu hazina uzito sawa. Fundi wa kituo cha umeme cha shirika la SNEL kwenye mto Tshopo hana hiari kuhusu kofia ngumu na viatu vya usalama, wala muuguzi kuhusu koti safi. Hapa chama hakina sababu ya kupinga vazi lenyewe. Kazi yake ni kudai litolewe, tena lenye ubora na la kumtosha mvaaji. Sare ya utambulisho, kama ya mlinzi au ya karani wa benki, nayo haina ugumu mkubwa, maana mteja anahitaji kujua anayemkabili ni nani.

Ugumu uko kwenye sababu ya tatu, ile inayoitwa “heshima” au “sura ya kampuni”. Chini ya neno hilo hupita amri ambazo hazihusiani na kazi hata kidogo: mwanamke asivae suruali, Mwislamu avue kitambaa cha kichwa, msichana asisuke nywele kwa mtindo fulani. Sheria ya Kazi inataja sababu ambazo haziwezi kumfukuzisha mtu kazi, zikiwemo jinsia, dini na uanachama katika chama cha wafanyakazi, na Katiba inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 22. Kwa hiyo kanuni ya “heshima” isiyoweza kuelezwa kwa mahitaji ya kazi yenyewe inasimama juu ya mchanga, hata kama wafanyakazi wengi wameizoea.

Hukumu moja kutoka Ulaya inaonyesha vizuri tofauti hiyo, ingawa haiifungi Kongo. Tarehe 15 Januari 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, pamoja na mashauri mengine, madai ya wanawake wawili wa Uingereza waliotaka kuvaa msalaba kazini. Nadia Eweida wa British Airways alishinda: msalaba wake ulikuwa mdogo, na sura ya kampuni haikutosha kuizidi imani yake. Shirley Chaplin, muuguzi, alishindwa, kwa sababu mkufu unaoning’inia wodini ungeweza kumletea madhara mgonjwa au yeye mwenyewe. Msalaba ni uleule. Kilichotofautiana ni sababu ya katazo.

Swali la gharama ndilo linalowasha moto zaidi Kisangani, na halistahili kuwekwa mwisho wa mazungumzo. Mji uko karibu kabisa na ikweta, una joto na unyevu mwaka mzima. Mfanyakazi anayeishi mtaa wa Lubunga huvuka mto Kongo kila asubuhi. Mwingine hufika Makiso, katikati ya mji, akiwa nyuma ya toleka, yaani teksi ya baiskeli, barabara ikiwa na matope. Shati jeupe linalodaiwa kuwa safi kila siku linamaanisha mashati kadhaa, sabuni na muda wa kufua. Sheria haihesabu kama mshahara manufaa yanayotolewa kwa lengo la kurahisisha kazi tu. Kwa hiyo mwajiri hawezi kutoa sare kisha akadai kwamba thamani yake ni sehemu ya malipo, wala hana ruhusa ya kukata bei yake kwenye mshahara kwa uamuzi wake tu, maana makato yanayokubalika yametajwa na sheria. Hata kikwembe cha Siku ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei, vazi la maandamano katika mji ambao kiwanda chake cha SOTEXKI kilichapa vitambaa kwa miaka mingi, huleta manung’uniko pale wafanyakazi wanapolazimishwa kukinunua.

Mazungumzo ya ndani yakishindikana, mgogoro unaogusa wafanyakazi wengi na unaoweza kuvuruga kazi huhesabiwa kuwa wa pamoja na hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi. Yeye huziita pande mbili na kujaribu kuzipatanisha. Zikikubaliana, makubaliano huandikwa na kutiwa sahihi. Zisipokubaliana, shauri huenda kwenye tume ya upatanishi. Mgomo unaruhusiwa baada ya njia hizo kumalizika tu, na chama kinachoruka hatua hizo kinampa mwajiri silaha ya bure. Mfanyakazi mmoja aliyeadhibiwa kwa sababu ya mavazi ana mgogoro wa binafsi. Naye hupitia kwanza kwa mkaguzi, kabla ya mahakama kumsikiliza.

Makubaliano yanayodumu hutaja kila vazi pamoja na kazi inayolihitaji, anayelilipia, idadi ya sare kwa mwaka na namna ya kubadilisha iliyochakaa. Huweka muda wa mpito kabla ya adhabu yoyote, hueleza jinsi ya kuomba ruhusa ya kuvaa tofauti kwa sababu ya dini, ujauzito au ugonjwa, na kuamua mapema nani atayajibu maombi hayo. Kisha hati huingizwa katika kanuni za ndani au katika mkataba wa pamoja na kubandikwa mahali pa kazi, ikiwa na tarehe ambayo pande mbili zitakutana tena kuipitia.