Je, Wajua Siri ya Kioo Kinachojikunja?

Katika bonde la Kilombero, ambako msafiri atokaye Mikumi huvuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, akayapita mashamba ya miwa, kisha akaiacha milima ya Udzungwa mkono wake wa kuume hadi aingie Ifakara, ni sehemu chache za gari zipatazo mashaka kama kile kioo cha pembeni kinachojikunja kwa umeme, ambacho mafundi wetu hukiita saitimira. Nacho, japokuwa wengi hukidhania kuwa ni pambo la anasa tu, kina ndani yake hikima ambayo asiyeifahamu huishia kununua kioo kizima pasipo haja.

Asili yake ni Japani. Huko, hadi mwaka 1983, vioo viliwekwa mbele juu ya fenda, kwa kuwa sheria haikuruhusu vya milangoni. Na ruhusa ilipotoka, gari likazidi upana katika nchi yenye vichochoro na maegesho finyu, hata mwaka 1984 Nissan ikatoa Laurel ambayo vioo vyake vilikunjwa kwa swichi. Magari ya namna hiyo, yakiisha kutumika kwao, huletwa kwetu, maadamu wao nao hushika upande wa kushoto wa barabara; basi kioo kilichobuniwa kwa ajili ya Tokyo hukutana na baiskeli za Ifakara, ambazo si chache, na magunia ya mpunga yapitayo bega kwa bega. Wala kukunja kioo hakukukosa faida hapa: kabla ya mto Kilombero kujengewa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, lililozinduliwa mwaka 2018, gari liendalo Mahenge lilivushwa kwa kivuko, na humo aliyekunja vioo vyake aliwastahi jirani zake.

Ndani ya kioo hicho mna mota ndogo ya volti 12, iendayo mbio sana lakini isiyo na nguvu. Mwendo wake hupitia gia ya mfano wa skrubu, kisha gia nyingine za plastiki, ambazo hupunguza kasi na kuzidisha nguvu, mpaka kichwa kizima cha kioo kizunguke juu ya mhimili uliofungwa mlangoni. Aghalabu waya za kazi hiyo ni mbili tu: umeme ukipita huku, kioo hukunjuka, na ukigeuzwa, hukunjika; na kinapofika ukomo wake, mota huelemewa, umeme huzidi, na kidhibiti kilichomo huukata. Ama lililo bora kuliko yote ni klachi ya meno, iliyogandamizwa na springi kali chini ya mhimili, ambayo imewekwa makusudi iteleze kioo kinapopigwa, ili kisivunjike wala kisimvunje mtu.

Na hapa ndipo chanzo cha malalamiko mengi. Mpita njia akikisukuma kioo kwa bega, au mwosha magari akikikunja kwa mkono, meno hutoka mahali pake, na tangu hapo mota huzunguka bure ilhali kioo kinalegea; mwenye gari husema kimekufa, kumbe kinangoja kubonyezewa swichi, kikunjwe na kukunjuliwa mara kadhaa, hadi usikike mlio wa "ko!", ambao ndio dalili ya meno kurudiana. Mwenye sikio zuri hana haja ya kufungua lolote kabla ya kuusubiri mlio huo.

Lakini vumbi ni jambo jingine. Likiingia penye mhimili na kuchanganyika na grisi, huwa msasa, likayala meno ya plastiki. Na masika yakifika, unyevu hutia kutu kwenye viunganishi vya waya. Mota ikilia kwa mkwaruzo, mtuhumu gia. Pakiwa kimya kabisa, anza na fyuzi, kisha swichi, kisha waya pale zinapojipinda kila kioo kinapokunjwa, kwani aghalabu hukatikia hapo, na kulehemu huponya. Atakayeifungua springi ile aigandamize kwanza kwa kifaa kinachostahili, kwa maana hufyatuka kwa nguvu iwezayo kumtoa mtu jicho. Akiisha, asafishe kwa kitambaa kikavu, wala si petroli iharibuyo plastiki, kisha apake grisi mpya kidogo.

Gia iliyolika haifufuki, wala kuigundisha kwa gundi hakudumu. Heri mtu atafute mota iliyotumika ya gari la namna ile ile, ambayo ni nafuu kuliko kioo kizima. Nawe msomaji, kabla hujatoa fedha yako, mwambie muuzaji aiunge mota hiyo na betri kwa nukta chache, izunguke huku na huku mbele ya macho yako. Na kioo kilichochongwa namba ya gari la mtu mwingine usikinunue bila risiti.