Masomo ya mtandaoni yasigeuke mahubiri kwa viti vitupu

Tangu Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo vyote nchini kwa sababu ya janga la Korona, masomo ya mtandaoni yamekoma kuwa jambo la majaribio. Vyuo vikuu kadhaa vilivyohamia huko kwa kulazimika vimeendelea kutoa baadhi ya kozi zao kwa njia hiyo, na mnamo Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake ili kiwafundishe wananchi popote walipo. Hili ni jambo la kupongezwa. Mwalimu wa Lodwar, muuguzi wa Garissa na mama wa watoto watatu kule Kilifi sasa wanaweza kutafuta shahada bila ya kuacha kazi wala jamaa zao.

Hata hivyo, kuna swali ambalo wakuu wengi wa vyuo hawapendi kuulizwa. Je, hao wanaojiandikisha wanajifunza? Idadi ya walioingia katika somo hutangazwa kwa fahari. Idadi ya waliofahamu haitangazwi.

Mimi nimefundisha kwa njia hii, na nimehudhuria masomo ya wenzangu. Mambo yanayotendeka humo yanajulikana na kila mhadhiri. Kwenye kioo cha kompyuta huonekana majina sitini au mia moja, kamera zimezimwa, vipaza sauti vimenyamaza. Mhadhiri husoma maandishi yale yale ambayo tayari amewatumia wanafunzi. Kila baada ya dakika ishirini huuliza, “Tuko pamoja?” Wawili watatu huandika “ndiyo”, naye huendelea. Saa mbili zikiisha, yapo majina yanayobaki pale pale dakika kumi baada ya kila mtu kuaga, kwa kuwa wenyewe walikwishaondoka zamani wakaziacha simu zao mezani.

Aghalabu lawama zote hutupiwa wanafunzi. Husemwa kwamba ni wavivu na kwamba wanatafuta cheti cha bwerere. Nimepata kusikia chuo kimoja kikiamuru kwamba mwanafunzi asiyewasha kamera ahesabiwe hakuhudhuria. Naona amri kama hiyo ni dhuluma. Kuna kijana anayesomea katika chumba kimoja anamolala na ndugu zake wanne, huku mama akipika kando yake. Kuna mwingine ambaye ununuzi wa data humgharimu fedha za chakula, na picha za video ndizo zinazoimaliza data hiyo upesi zaidi. Kumlazimisha aonyeshe uso wake hakumfanyi afikiri. Mtu aweza kukodoa macho mbele ya kamera na akili yake ikawa sokoni.

Ukweli ni kwamba kasoro kubwa imo katika namna ya kufundisha. Tumechukua mhadhara, ambao hata ndani ya ukumbi ulikuwa na udhaifu wake, tukauingiza katika simu. Utafiti haujanyamaza kuhusu jambo hili. Mwaka 2014 wataalamu nchini Marekani, wakiongozwa na Scott Freeman, walichapisha matokeo ya kulinganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati katika vyuo vikuu. Waligundua kwamba katika madarasa ya mhadhara mtupu wanafunzi wapatao 34 kwa kila 100 walifeli, ilhali katika madarasa ambamo wanafunzi walishirikishwa kwa maswali, mazoezi na mijadala waliofeli walikuwa takriban 22. Ikiwa anayeketi mbele ya mwalimu hunufaika kiasi hicho kwa kushirikishwa, sembuse yule aliye maili mia tatu mbali naye?

Mwaka 2006 watafiti wengine wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba waliosoma kifungu cha maneno kisha wakajaribu kukikumbuka bila ya kukitazama walikumbuka mengi zaidi baada ya juma moja kuliko waliokisoma tena na tena. Kwa hivyo swali la dakika tano mwanzoni mwa kipindi, kuhusu somo la juma lililopita, lina thamani kuliko marudio ya mhadhara mzima. Halihitaji mtambo wowote wa gharama kubwa. Laweza kutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu.

Fauka ya hayo, mambo haya si mageni kwetu. Fanani wa Kiswahili haanzi hadithi yake hadi hadhira imemwitikia. Mtegaji wa kitendawili hatoi jibu bure: walioshindwa sharti wampe mji kwanza. Wazee wetu walijua kwamba msikilizaji asiyedaiwa kitu husinzia. Tena, kwa miaka mingi kurasa za mashairi katika magazeti ya Kiswahili zimewakutanisha watu wasioonana kabisa. Malenga wa Mombasa huuliza swali kwa beti, malenga wa Tanga akamjibu, wa tatu akawapinga wote wawili, na msomaji akajifunza lugha, mantiki na adabu ya mjadala. Hayo yalikuwa masomo ya mbali yenye uhai, ingawa chombo chake kilikuwa karatasi na stempu.

Basi mhadhiri afanye nini? Kwanza, maelezo marefu yatumwe mapema kwa maandishi au kwa sauti iliyorekodiwa, ili saa ya kukutana iwe ya kazi. Pili, darasa la watu mia ligawanywe katika vikundi vya watano au sita, kila kikundi kipewe swali lake, na msemaji abadilike kila juma. Mtu aweza kujificha katika kundi la mia, lakini katika kundi la watano kimya chake husikika. Tatu, maswali yatokane na mazingira ya mwanafunzi mwenyewe. Anayesomea biashara aende gulioni kwao, alinganishe bei ya mahindi kwa majuma matatu, kisha aeleze kwa nini imepanda au imeshuka. Kazi ya namna hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka kwa mwenzake aliye wilaya nyingine, wala haitoshi kuagiza programu ya kompyuta iiandike. Nne, na hili ndilo linalopuuzwa zaidi, kazi irejeshwe mapema ikiwa na maoni ya mwalimu. Mwanafunzi anayengoja miezi miwili bila ya jibu hujifunza jambo moja tu, kwamba hakuna anayesoma anachoandika.

Lazima niseme pia kwamba baadhi ya wanafunzi wataupinga utaratibu huu. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 uligundua kwamba wanafunzi wa fizikia walioshirikishwa walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi kwamba wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mzuri. Kufikiri huchosha, na uchovu huo hudhaniwa kuwa ni kutofahamu. Kwa sababu hii mhadhiri awaeleze wanafunzi wake tangu siku ya kwanza kwa nini anawasumbua. Nao wakuu wa vyuo wasimhukumu kwa fomu za maoni pekee, kwani fomu hizo zaweza kumtuza msemaji hodari na kumwadhibu mwalimu bora.

Najua jibu litakalotolewa. Wahadhiri watasema kwamba wana wanafunzi wengi mno, na kwamba walioajiriwa kwa kandarasi hungoja malipo yao hadi wakate tamaa. Madai hayo ni ya haki. Mtu mmoja hawezi kusahihisha insha mia tatu kila juma. Ndiyo maana ninasema kwamba chuo kinachodhani masomo ya mtandaoni ni njia ya kupunguza gharama kinajidanganya. Fedha zinazookolewa kwa kutojenga kumbi sharti zitumike kuwaajiri wakufunzi wasaidizi na kuwapunguzia wanafunzi gharama ya data. La sivyo, tutakuwa tumewauzia wananchi vyeti kwa bei ya elimu.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina uwezo wa kukagua kozi zote za shahada. Ninaiomba isiridhike na kuuliza kama chuo kina mtambo na intaneti. Iulize ni mara ngapi mwanafunzi huulizwa swali kwa juma, ni siku ngapi hupita kabla ya kujibiwa, na ni wangapi kati ya walioanza kozi waliofika mwisho. Matokeo hayo yachapishwe ili mzazi na mwanafunzi wayasome kabla ya kulipa karo.

Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika masomo yetu ya mtandaoni, wengi hawaulizi kwa kuwa hawajapewa nafasi, na hawaulizwi kwa kuwa mwalimu ana haraka ya kumaliza kurasa zake. Nafasi hiyo ni haki yao. Wameilipia.