Sura ya 6: Kadi Isiyo na Barua

Tuchukue kibanda umiza cha kufikirika pale Matambarale, kwenye ukanda wa korosho na ufuta kati ya Ruangwa na Nachingwea. Ni Jumamosi jioni na Namungo wanacheza. Timu hiyo ya Ruangwa ilianza kucheza Ligi Kuu msimu wa 2019/2020, na mwenye kibanda akikosa kuonyesha mechi yake ajiandae kusemwa hadi msimu uishe. King'amuzi kipo, dishi liko juu ya bati, ila televisheni imeungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Kilichobaki ni kompyuta ya mtumba iliyowekewa Linux kwa sababu ni nyepesi. Nyuma yake, chini ya matundu ya spika, kuna kadi yenye tundu la antena na tundu jingine la njano. Mwenye kibanda anachomeka waya wa njano kutoka kwenye king'amuzi, anafungua VLC, programu ya kuonyesha video, anapata giza.

Giza hilo ndilo somo la sura hii. Wengi wakilipata husema kadi imekufa, wakaitupa. Mara nyingi kadi ni nzima, ila kompyuta haijui imekaa na nani.

Kila kifaa kinachochomekwa kwenye sloti ya PCI hubeba namba mbili: ya kwanza ya mtengenezaji wa chipu, ya pili ya chipu yenyewe. Jina lililoandikwa kwenye boksi halihesabiki. Kampuni nyingi ziliuza kadi zilezile kwa majina tofauti, na nyingine zilibadili chipu ndani zikaacha boksi lilelile. Kwa hiyo fundi hauulizi mdomo wa muuzaji, anaiuliza mashine. Anafungua dirisha la amri na kuandika:

lspci -nn

Orodha ndefu inashuka. Kwenye kompyuta yetu ya kibandani, mstari mmoja una namba 109e:036e. Hizo 109e ni za kampuni ya Brooktree, na 036e ni chipu yake iitwayo Bt878, iliyotapakaa kwenye kadi za televisheni za miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Andika namba hizo pembeni. Kuanzia hapo kila hatua inazitegemea.

Sasa tuone jinsi draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, inavyoitwa. Kerneli, yaani kiini cha Linux, haipakii draiva zote kwa mpigo, maana ni maelfu. Nyingi zimewekwa kando kama moduli, na ndani ya moduli kuna orodha ya namba inazozifahamu. Kompyuta inapowaka, kerneli hutangaza namba za kila kifaa ilichokikuta, kisha programu iitwayo modprobe hupitia orodha hizo kutafuta nani anaijua namba ile. Moduli inayoitika kwa 109e:036e inaitwa bttv. Kuhakiki kama imeingia, andika:

lsmod | grep bttv

Kama hakuna jibu, iite mwenyewe kwa sudo modprobe bttv, kisha usome kerneli imesema nini kwa sudo dmesg | tail. Wanaoanza huikwepa amri ya dmesg kwa kuwa inatapika maneno mengi, ilhali ndiyo daftari la mashine: kila kilichojaribiwa, kilichofaulu na kilichokwama kimeandikwa humo. Moduli ikiingia sawasawa, faili liitwalo /dev/video0 linazaliwa. Hilo ndilo dirisha ambalo VLC huchungulia ili kupata picha.

Kibandani kwetu bttv imeingia na /dev/video0 ipo. Giza bado lipo. Kwa nini?

Jibu liko ndani ya dmesg, kwenye mstari wenye maneno UNKNOWN/GENERIC, yaani kadi isiyojulikana, imepewa namba 0. Hapa inabidi kutenganisha vitu viwili ambavyo jicho huviona kama kimoja. Chipu ya Bt878 ni moyo tu. Kuizunguka, kila mtengenezaji wa kadi alipanga mambo yake: waya wa njano unaingilia mguu gani wa chipu, sauti inapita wapi, kisanduku cha bati kinachokamata mawimbi ni cha kampuni gani. Moyo ni mmoja, mishipa inatofautiana. Ndiyo maana kadi nzuri hubeba jozi ya pili ya namba, inayomtaja aliyeitengeneza kadi nzima. Namba hizo hukaa ndani ya kijichipu kidogo cha kumbukumbu. Wauzaji wa bei rahisi walikiacha kijichipu hicho ili kubana gharama, na kadi zao zikaja duniani bila kitambulisho.

Mtanzania yeyote anajua la kufanya mtu asipokuwa na kitambulisho. Unakwenda kwa mtendaji wa kijiji, anakuandikia barua ya utambulisho: huyu ni fulani, mkazi wa kitongoji fulani, apewe huduma. Barua haikupi sura mpya. Inamwambia karani wa dirishani jambo ambalo asingeweza kulijua kwa kukutazama tu. Linux nayo inapokea barua ya namna hiyo, na mwandishi wake ni wewe. Inawekwa kwenye folda ya /etc/modprobe.d, ndani ya faili unalolipa jina linaloishia na .conf, na ina mstari mmoja:

options bttv card=37 tuner=5

Mstari huo unaiambia bttv kwamba kadi hii ni namba 37 kwenye orodha yake, yaani PixelView PlayTV pro, na kisanduku chake cha mawimbi ni namba 5, cha Philips kinachofuata mfumo wa PAL. Kwako namba zitakuwa nyingine. Ili kuzipata, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, toa kadi na uisome kwa tochi ya simu: maandishi yaliyochapwa ukingoni mwa ubao, karatasi iliyobandikwa kwenye kisanduku cha bati, na maneno juu ya chipu kubwa. Kisha yalinganishe na orodha ya kadi iliyomo kwenye nyaraka za kerneli. Ukishaandika barua, ondoa moduli kwa sudo modprobe -r bttv na uirudishe kwa sudo modprobe bttv. Namba isiyo sahihi huonekana upesi: picha bila sauti, au tundu la njano linaloitika mahali pa tundu jingine.

Orodha hiyo ina hadithi yake. Draiva ya bttv ilianzishwa na Ralph Metzler, kisha Gerd Knorr akaitunza kwa miaka mingi. Hawakuwa na ghala la kadi zote za dunia. Wenye kadi ndio waliofungua vifuniko vyao, wakajaribu, wakakosea, wakapatia, wakatuma matokeo. Leo orodha ina zaidi ya kadi 150, na nyingi zilipewa barua na wamiliki wao.

Turudi kibandani. Barua imeandikwa na kadi imetambulika. Swali linalofuata ni tundu lipi la kutumia. Tundu la antena tulisahau. Lilijengwa kwa mawimbi ya analojia, na Tanzania ilianza kuzima mitambo hiyo tarehe 31 Desemba 2012 pale Dar es Salaam, miji mingine ikafuata mwaka 2013. Draiva inaweza kupakia bila dosari hata moja na tundu hilo lisikamate chochote, kwa sababu hewani hamna cha kukamata. Tundu la njano halijali hayo. Linapokea picha iliyokwisha kufunguliwa na king'amuzi, hivyo kadi ya mwaka 1999 bado ina kazi Matambarale. Chagua tundu na mfumo wa picha hivi:

v4l2-ctl --set-input=1 --set-standard=pal

Namba ya tundu inaweza kuwa 1, 2 au nyingine, kulingana na kadi. Mfumo wetu ni PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. King'amuzi kikiwa kimewekwa kwenye mfumo mwingine, NTSC, picha itapanda na kushuka au itapoteza rangi, na watu watamlaumu fundi bure. Nyaya nyeupe na nyekundu za sauti zipeleke moja kwa moja kwenye tundu la bluu la kompyuta.

Je, kama mtu anataka kuachana na king'amuzi na kupokea dijitali ndani ya kompyuta? Hapo anahitaji kadi ya kizazi kingine: DVB-T2 kwa mitambo ya ardhini, DVB-S2 kwa dishi. Nyingi ni za USB, na namba zake husomwa kwa lsusb. Draiva ikikubali, hatapata /dev/video0 bali folda ya /dev/dvb/adapter0.

Kadi hizi zina ugonjwa wao. Nyingi huzaliwa na kumbukumbu tupu, na kila zinapopata umeme husubiri kulishwa faili dogo la maelekezo, ambalo wataalamu huliita faimuwea. Moduli inaingia, taa inawaka, lakini dmesg inaandika kwamba kupakia dvb-demod-si2168-b40-01.fw kumeshindikana kwa kosa namba -2. Namba hiyo ina maana nyepesi: faili halipo. Baadhi ya watengenezaji hawaruhusu faili zao zisambazwe pamoja na Linux, kwa hiyo unalitafuta mwenyewe, unalileta kwenye flashi kutoka penye intaneti nzuri, unaliweka kwenye /lib/firmware kwa jina lilelile, herufi kwa herufi, kisha unachomoa kadi na kuichomeka tena.

Makosa mengine mawili yasikupotezee siku. Moduli uliyoijenga kwa kerneli ya zamani itakataliwa na kerneli mpya, ijenge upya. Na kompyuta za karibuni zenye ulinzi wa Secure Boot hukataa moduli isiyo na saini. Itie saini au zima ulinzi huo kwenye mipangilio ya mashine.

Baada ya hapo, tatizo huwa limehamia juu ya bati. Azam TV hurushwa kutoka nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta karibu na kisiwa cha São Tomé. Kwa mtu wa Ruangwa, dishi litazame magharibi, lipinde kidogo kaskazini, na liinuke kama nyuzi 50. Tawi la mwembe mbele yake linatosha kuleta giza ambalo hakuna amri ya modprobe itakayoliondoa. Chaneli za kulipia nazo zimefungwa kwa siri: draiva hukamata mawimbi, ila kufungua ni kazi ya kadi iliyomo ndani ya king'amuzi na malipo ya mwezi.

Ndiyo maana kibandani kwetu njia ya waya wa njano ilikuwa ya busara. King'amuzi kinafungua, kadi kuukuu inapokea, skrini inaonyesha, na Namungo wanaingia uwanjani. Kabla ya kufunga kifuniko cha kompyuta, chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike kwa ndani: bttv, card=37, tuner=5. Siku Linux ikiwekwa upya, ile barua ya kwenye diski itafutika, na fundi atakayefungua kifuniko ataikuta nakala yake hapo kwenye bati.