Kombine filete ku gari yako: mbele ya kutosha feza, jua ile unanunua

Ku Goma kila mwenye gari anajua ile sauti ya mawe yenye kukwaruza chini ya gari. Muji umejengwa juu ya mawe ya volkano, na ukitoka ku barabara ya lami unaingia palepale mu mawe makali ya Nyiragongo. Ku Bukavu ni mashimo na matope ya milima. Ku Butembo na Beni ni vumbi wakati wa jua, utelezi wakati wa mvua. Njo maana ku ma garaje swali moja linarudia kila siku: «Fundi, tufanye nini gari ipande kidogo?»

Siku hizi kuna jibu moja lenye kutembea sana ku ma telefone ya vijana: weka kombine filete, ile ambayo majirani wetu wa Kenya na Tanzania wanaita koilova. Ku picha inangaa, na muuzaji anasema utapandisha gari ao utaishusha vile unapenda. Lakini shofere wa teksi mwenye kupeleka feza kwa patro kila magaribi, akinunua kitu ambacho hakifai kazi yake, anapoteza mapato ya wiki nyingi. Tena sispansio inashika maisha ya watu wote wenye kuwa ndani ya gari. Basi tuangalie jambo hili polepole.

Resori na amortisere: kila moja na kazi yake

Watu wengi wanachanganyaka hivi vitu viwili. Resori njo inabeba uzito wa gari. Amortisere haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza resori. Bila amortisere, gari ikipita ku dodane moja itaendelea kuruka-ruka sawa mupira. Ndani ya amortisere kuna mafuta yenye kupita ku matundu madogo, na ule ugumu wa mafuta kupita njo unazuia resori isicheze sana.

Ku magari mengi madogo tunayotumia hapa, sawa Toyota Corolla ao RAV4, sispansio ya mbele ni ya mutindo wa MacPherson: resori imezunguka amortisere, vyote viwili vinakuwa kitu kimoja. Mutindo huu unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, enjenia Mumarekani wa kampuni Ford. Magari Ford Consul na Zephyr ya Uingereza yalikuwa nao mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kombine filete inafanana na hiyo, lakini mwili wa amortisere umechongwa uzi sawa buloni. Sahani yenye kushika resori inakaa juu ya pete mbili zenye kufungwa ku ule uzi. Ukizungusha pete kupanda, gari inapanda. Ukizungusha kushuka, gari inashuka. Mutindo huu ulipendwa kwanza ku magari ya mashindano na ya watu wenye kupenda mbio ku lami.

Aina tatu, usichanganye

Aina ya kwanza ni ya bei ya chini: kimo kinabadilika kwa kusogeza sahani ya resori peke yake. Hapa kuna mutego. Ukishusha gari sana, amortisere inabakia na nafasi kidogo ya kuingia, na ku shimo la kwanza itagonga mwisho: ta! Ukipandisha sana, inabakia na nafasi kidogo ya kufunguka, na pine inaning'inia hewani wakati inapaswa kufuata shimo.

Aina ya pili iko na uzi mwingine chini, fasi amortisere inafungwa ku gurudumu. Unabadilisha urefu wa mwili wote, na nafasi ya amortisere kucheza inabakia ileile. Ni bora, lakini bei yake iko juu, na ule uzi wa chini unakula matope yote ya barabara. Usipoisafisha, kisha miezi michache pete zinashikana na hakuna ufunguo utazifungua.

Aina ya tatu inaongeza kibuto kidogo chenye kulia «tik, tik» ukikizungusha. Kile kinabadilisha ugumu wa amortisere tu. Hakipandishi gari, na hakiongezi kilo hata moja ku uzito inaweza kubeba. Muuzaji akikuambia «kaza hapa, gari itabeba zaidi», ujue hajui kazi yake, ao anakudanganya.

Tufanye hesabu

Ugumu wa resori unahesabiwa kwa kilo ku milimetre. Tuseme resori ya kawaida ya gari ndogo iko na kilo 2 ku milimetre. Ukiongeza mizigo ya kilo 50 juu ya pine moja, kona ile ya gari itashuka karibu milimetre 25. Tuseme tena kombine ya mbio iko na kilo 5 ku milimetre. Kwa mizigo ileile itashuka milimetre 10 tu.

Mutu atasema: basi ile ya pili njo nzuri! Ku lami iliyonyooka, ndiyo. Lakini ku mawe ya Goma, resori ngumu haimezi jiwe. Inarusha gurudumu juu. Pine ikikuwa hewani haishiki barabara, na fre haina kazi. Na ile nguvu ambayo resori haikumeza inaenda wapi? Inaenda ku rotile, ku kaoutchou za sispansio, ku chuma cha gari chenyewe, na ku mugongo wa mama mwenye mimba aliyekaa nyuma.

Angalia tena hii: kombine nyingi zenye kuuzwa zilitengenezwa kwa kushusha gari. Kimo chao cha juu kabisa ni kile cha kiwanda, ao chini yake. Uliza mbele ya kulipa: «Inapanda milimetre ngapi juu ya kimo cha kiwanda?» Jibu likikuwa sifuri, hiyo haiko dawa ya mawe.

Njia zingine za kupandisha

Kwanza, angalia kama gari imeshuka kwa sababu ya uzee. Resori iliyochoka inaweza kupoteza sentimetre kadhaa. Hapo kubadilisha resori na amortisere mupya za kawaida, mbili kwa mara moja ku upande wa mbele ao wa nyuma, inarudisha kimo bila kuharibu kitu.

Pili, kuna resori nzito kidogo zenye kupandisha sentimetre 2 ao 3. Kwa teksi na gari ya mizigo midogo, hii mara nyingi njo njia yenye akili.

Tatu, kuna kale, vipande vya kuweka juu ya amortisere. Bei ni nafuu, lakini ziwe za aluminiamu ao plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuingiza kipande cha mbao ao cha pine ya zamani kati ya mizunguko ya resori ni hatari: mizunguko mingine inashikwa, ile inabakia inafanya kazi yote, na resori inaweza kuvunjika.

Kwa kila njia, ukipita sentimetre 3 hivi ku gari ndogo, kardan inaanza kufanya kazi imepinda, tiyo ya fre inavutika, na gari inayumba zaidi ku kona. Mutu mwenye kushuka Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, akiwa na watu na mizigo juu, anajua kuyumba ni nini.

Siku ya kufunga

Resori iliyobanwa iko na nguvu ya mamia ya kilo ndani yake. Fundi asifungue buloni ya juu ya amortisere pasipo vyuma vya kubana resori. Ikiruka inaweza kuvunja taya ao kuua. Ukiona anafunga resori kwa kamba, chukua gari yako uende.

Kisha kufunga, pima kutoka katikati ya gurudumu mupaka ku ukingo wa bodi, kushoto na kuume. Vipimo vifanane. Kazeni pete mbili, moja ifunge ingine. Fanya paralelisime, kama sivyo pine zitakulika upande mumoja. Angalia taa, kwa sababu gari iliyopanda inapiga wengine machoni. Kisha kilometre 100 hivi, rudi ku garaje wakaze buloni tena.

Ukinunua za okazio, angalia kama mafuta yanatoka, kama chuma cha katikati kimekwaruzwa ao kupinda, na kama pete zinazunguka kwa mukono na ufunguo wa kawaida. Ukikuta moja tu haiko sawa, acha zote.

Jiulize maswali manne

Gari inabeba watu wangapi kila siku? Inapita lami ao mawe? Ninataka kupanda ao kushuka? Na zikiharibika, nitapata vipuri hapa kwetu?

Kijana mwenye gari yake mwenyewe, mwenye kutembea ku lami na kupenda kuipanga vile anataka, kombine filete nzuri inaweza kumufurahisha. Lakini papa mwenye teksi, mwenye kupakia watu kutoka asubuhi mupaka usiku, amortisere mupya za kawaida na resori nzito kidogo zitamulinda zaidi, na feza inabakia ya kulipa masomo ya watoto. Leo magaribi, mbele ya kuamua, bonyeza kila kona ya gari yako kwa nguvu kisha uachilie. Ikirudi juu na kutulia, amortisere ingali na nguvu. Ikiendelea kucheza mara mbili, tatu, anza na hapo.